Kununua Vifaa vya Kuzamia vya Mitumba: Hotuba kwa Wazamiaji Vijana wa Pwani

Wazee wetu, walimu wa kuzamia mliopo hapa, mafundi wenzangu, na ninyi vijana ambao hasa ndio sababu ya mimi kuitwa kuzungumza: Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie ununuzi na matumizi ya vifaa vikuukuu vya kuzamia, jambo ambalo kwetu sisi watu wa pwani si la starehe bali ni la riziki. Kijana wa Nungwi, wa Mafia, wa Watamu au wa Diani anayemaliza kozi yake na kutafuta kazi ya kuongoza wageni chini ya bahari huhitaji, mapema au baadaye, vifaa vyake mwenyewe, na seti mpya iliyokamilika hugharimu fedha ambayo mshahara wa mwanzo hauifikii kwa miezi mingi. Kwa hiyo ananunua mitumba. Sikuja kumkataza, kwa sababu kumkataza ni kumwambia aache kazi. Nimekuja kusema kwamba bei ya kifaa kikuukuu si ile anayoitaja muuzaji, bali ni hiyo ukiijumlisha na gharama ya kukipeleka kwa fundi kifunguliwe, kipimwe, na kibadilishiwe kila sehemu iliyochoka; na kijana ambaye mfuko wake unatosha kwa bei ya kwanza tu bado hajawa na fedha ya kukinunua.

Vifaa hivi huja kwetu kwa njia mbalimbali. Vituo vya kuzamia huuza vya kukodisha baada ya misimu kadhaa, wageni wakaazi wanaohama huuza walivyonavyo, na viko vinavyoingia katika shehena zilizochanganyika na bidhaa nyingine, ambavyo hata anayeviuza hajui vilitumikaje wala vilikaa wapi. Wanunuzi wengi huvutiwa na cha mgeni anayehama, kwa kuwa kinang'aa na mwenyewe anaeleza kwamba amekitumia mara chache. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi, nikipewa hiari, ningechukua kile cha kituo chenye mikwaruzo, mradi kituo kina daftari la matengenezo na kinakubali kunionyesha, kwa sababu regulata, yaani kile kifaa kinachomletea mzamiaji mdomoni hewa ya mtungi alioubeba, inayofanya kazi kila wiki na kufunguliwa kwa wakati wake ina historia inayosomeka, ilhali ile iliyolala kabatini miaka minane imekaukiwa na mipira, vilainishi vyake vimeganda, na chumvi iliyobaki ndani tangu mbizi ya mwisho imeendelea kula shaba bila mtu kuiona. Na popote unaponunua, dai risiti yenye namba ya kifaa. Vituo vyetu huibiwa, na kijana atakayekutwa amevaa regulata ya mwajiri wa jirani yake atapata tabu kubwa ya kujieleza.

Sasa tuviangalie vifaa vyenyewe, na nitaanza na vile visivyohitaji maneno mengi. Miwani, mrija na mapezi vinaweza kununuliwa vikuukuu bila hofu. Weka miwani usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kwa pua, na kama inashika uso wako haianguki, basi ni yako. Pezi lisilo na ufa penye kisigino na lenye mkanda unaoweza kubadilishwa ni pezi zima. Suti ya neopreni, yaani ya mpira wenye viputo vya hewa, hupungua unene na kuganda kadiri inavyobanwa na kina cha maji mwaka hadi mwaka, lakini katika bahari yetu, ambayo joto lake kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 25 na 29, upungufu huo si msiba. Unachotakiwa kukumbuka ni kwamba suti iliyokonda haielei kama mpya, kwa hiyo risasi za mkandani, vile vipande vizito vya kumsaidia mzamiaji azame, zihesabiwe upya.

Jaketi la kuelea linahitaji uangalifu zaidi, na kipimo chake ni cha bure. Lijaze hewa mpaka vali yake ya usalama ipumue yenyewe, kisha liache usiku mzima. Asubuhi ukilikuta limelegea, lina tundu au vali yake haifungi. Ukilitikisa ukasikia maji, au ukimwaga maji hayo yakatoka na chembe za chumvi, fahamu kwamba halikuwa likisuuzwa kwa ndani. Kinachonitia hofu zaidi katika jaketi kuukuu si tundu bali ni kile kitufe cha kuingizia hewa. Chumvi ikiganda ndani yake, kitufe hubonyea na hakirudi, hewa huendelea kuingia, na mzamiaji huanza kupanda kwa kasi asiyoitaka. Anayepanda hivyo huku amezuia pumzi huweza kupasuka mapafu hata akitokea kina cha bwawa la kuogelea, kwa kuwa hewa iliyobanwa hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua, na badiliko kubwa kuliko yote liko karibu na uso wa maji. Kwa hiyo kibonyeze kitufe hicho mara nyingi, polepole na kwa haraka, jaketi likiwa limeunganishwa na mtungi uliojaa, na kikisita hata mara moja kibadilishwe.

Nije kwenye regulata, ambayo ndiyo inayonunuliwa kwa pupa kuliko kifaa kingine chochote. Kanuni yake haijabadilika sana tangu mwaka 1943, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipoijaribu yao nchini Ufaransa: hewa haimwagiki ovyo, bali humfikia mzamiaji pale anapovuta, kwa shinikizo linalolingana na la maji yanayomzunguka. Katika regulata za leo, hatua ya kwanza huipokea kutoka kwenye mtungi hewa ya baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo, na baa moja ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida juu ya bahari) na kuishusha hadi takriban baa 9 au 10 juu ya shinikizo la maji, na hatua ya pili, ile ya mdomoni, huimalizia. Kwa kuwa kanuni ni ileile, umri peke yake hauifanyi regulata kuwa mbaya. Kinachoifanya mbaya ni kukosekana kwa vipuri. Oringi, zile pete za mpira za kuzuia hewa isivuje, na kile kipande laini kinachokaa kwenye njia ya hewa na kuifunga ni vitu vya kubadilishwa kila inapofunguliwa, kiwambo, ile ngozi nyembamba ya mpira, na springi hubadilishwa zikichoka, na kila modeli ina vyake. Kiwanda kikifa, au kikiacha kutengeneza vipuri vya modeli hiyo, umebaki na pambo la ukutani. Swali la kwanza kwa fundi, kabla hujatoa hata shilingi, liwe hili: vipuri vya modeli hii vinapatikana?

Akikujibu ndiyo, yapo mambo unayoweza kuyachunguza mwenyewe mbele ya muuzaji. Angalia lile chujio dogo la chuma kwenye mdomo wa hatua ya kwanza, mahali inapopokea hewa ya mtungi. Likiwa la kijani, maji ya bahari yaliingia na shaba imeliwa. Likiwa na vumbi jekundu, regulata ilikuwa ikifungwa kwenye mtungi wa chuma wenye kutu ndani. Na likiwa jeusi, huenda ni vumbi la mkaa kutoka kwenye machujio ya kompresa iliyojaza hewa. Sijui kitu kingine kidogo namna hiyo kinachosema ukweli mwingi kuhusu mwenye kifaa. Baada ya hapo ifunge regulata kwenye mtungi ambao vali yake haijafunguliwa, kisha jaribu kuvuta pumzi kwa nguvu: usipate kitu. Ukipata hewa, kiwambo au vali ya kutolea pumzi inavuja, na chini ya bahari mahali hapo patapitisha maji. Halafu fungua vali, sikiliza, na uizamishe yote ndani ya ndoo kubwa ili uone mapovu yanatokea wapi.

Kipimo kinachobaki kinahitaji geji ya fundi. Shinikizo la kati, lile la baa 9 au 10, linatakiwa lisimame mahali pake baada ya kila pumzi. Mshale ukiendelea kupanda polepole, basi kile kipande kinachofunga njia ya hewa kimechimbika, na si muda mrefu hatua ya pili itaanza kumwaga hewa yenyewe. Regulata zimetengenezwa hivyo kwa makusudi, zikiharibika zimwage badala ya kufunga, lakini kumwaga huko huumaliza mtungi kwa dakika chache, na hapo ndipo mzamiaji mwenye jaketi bovu, tena mwenzake yuko mbali, hujikuta na hatari mbili kwa pamoja.

Kuhusu mipira ya hewa, ile mirefu inayopitisha hewa kutoka hatua ya kwanza, sina mjadala: ibadilishwe. Mpira huchakaa kuanzia ndani na penye maungio, na ile iliyosukwa kwa nyuzi huficha vizuri sana kinachoendelea ndani yake. Kuna iliyokutwa imezaa chembe ngumu ndani, chembe ambazo huweza kuziba njia ya hewa. Mipira mipya ni sehemu ndogo ya gharama yote, na sioni sababu ya mtu kubahatisha. Niongeze tahadhari moja kwa wanaopata regulata za zamani sana. Katika baadhi yake, tundu la shinikizo kubwa lilikuwa na kipimo kilekile cha tundu la shinikizo dogo, jambo ambalo viwanda vililirekebisha baadaye, kwa hiyo ilikuwa rahisi mtu kuufunga mpira wa baa 10 mahali penye baa 200. Nyingine hazina matundu ya kutosha kubeba geji, mdomo wa akiba wa kumsaidia mwenzako, na mpira wa jaketi. Regulata ya aina hiyo, hata ikiwa nzima, haifai kwa anayeongoza wageni.

Nimeacha mtungi mwisho kwa sababu ndio unaoweza kumuua hata asiyezamia. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 umebeba lita 2,400 za hewa zilizobanwa, na shingo yake ikishindwa, anayekuwa hatarini kwanza ni yule kijana anayeujaza. Historia ya mtungi imegongwa kwenye bega lake: kiwango uliotengenezewa, namba yake, shinikizo la kazi, shinikizo la kipimo, na mwezi na mwaka wa kila kipimo cha maji uliopitia. Kipimo hicho ni cha kuujaza maji na kuusukuma hadi shinikizo lililo juu ya la kazi, mara moja na nusu kwa mitungi mingi ya Ulaya, ili kuona kama unavumilia. Marekani na Uingereza hudai ufanyike kila baada ya miaka 5, na katikati ya vipimo hivyo mtungi hufunguliwa ukaangaliwa ndani kwa taa. Mtungi ambao chapa yake ya mwisho ina miaka kumi na mitano haukupaswa kujazwa na mtu yeyote katika miaka kumi ya mwisho ya muda huo, na kama ulijazwa, aliyeujaza hakujali maisha yake.

Iko aina moja ya mitungi ninayowaomba msiiguse kabisa. Mitungi mingi ya zamani ya alumini ilitengenezwa kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, iitwayo 6351, ambayo baada ya miaka iligundulika kupata nyufa kwenye shingo na mabega, nyufa zinazokua kwa sababu tu mtungi umekaa na shinikizo, hata kama haujawahi kutikiswa. Nchini Marekani kampuni ya kutengeneza mitungi ya Luxfer iliiacha aloi hiyo mwaka 1988 na kutumia 6061, na kuanzia 2007 sheria ya huko imedai mitungi ya kuzamia ya 6351 ipimwe pia kwa chombo cha umeme kinachotafuta nyufa za shingoni kila inaporudi kwenye kipimo. Viwanda vya nchi nyingine havikubadilisha kwa wakati mmoja, na kwa hiyo mwaka uliogongwa begani hautoshi kukuhakikishia. Najua wapo watakaosema kwamba mitungi iliyopasuka ni michache ukilinganisha na ile iliyotumika salama, na ni kweli. Lakini kipimo hicho cha nyufa kinahitaji chombo na mtu aliyefunzwa, na pasipo vyote viwili unafuu wa bei hauna maana. Mtungi wa alumini wa miaka ya 1970 au 1980, ambao aloi yake haithibitiki, uacheni alipo mwenyewe.

Jihadharini pia na rangi mpya. Muuzaji anaupaka mtungi kwa sababu amekusudia kuficha kitu, au kwa sababu anapenda rangi, na mnunuzi hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo; la kuvunda halina ubani. Chini ya rangi panaweza kuwa na mashimo ya kutu, na kama rangi yenyewe ilikaushwa katika tanuri lenye joto kali, au mtungi uliwahi kupitiwa na moto, alumini yake imelegea kwa namna isiyoonekana kwa macho. Mtungi wa chuma una ugonjwa mwingine. Ukiachwa na unyevu ndani, hupata kutu, na kutu hiyo hula oksijeni iliyomo. Hewa iliyofungiwa humo miaka mingi inaweza kuwa na oksijeni ndogo kiasi cha kumzimisha mtu asiyehisi lolote. Kwa hiyo hewa ya zamani haitumiwi kamwe, hata geji ikionyesha mtungi umejaa. Imwageni, mtungi ufunguliwe, uangaliwe ndani.

Nataka mafundi wanisikilize hapa, kwa sababu hili hufanyika karakana na si baharini. Mitungi ya asili ya Marekani ina thredi za shingo, ile mifuo ya kuzungushia vali, za robo tatu ya inchi, na mingi ya Ulaya ina za milimita 25. Vali ya milimita 25 huingia katika shingo ya robo tatu ya inchi, hujizungusha vizuri na kuonekana imekaza, kumbe imeshika thredi kidogo sana, na mtungi ukijazwa vali hiyo huruka kwa nguvu kama ya risasi ya bunduki. Watu wameumia na kufa namna hii katika nchi zenye mafundi wengi kuliko sisi. Pwani yetu hupokea mitungi kutoka pande zote mbili, na mtu akinunua mtungi kutoka kwa huyu na vali kutoka kwa yule, makosa hayo yako karibu sana. Someni kilichogongwa kwenye vali na kwenye shingo. Na pasiposomeka, pimeni kwa geji ya thredi, msikisie kwa mkono.

Mtakutana vilevile na vali za zamani zenye waya mrefu unaoshuka ubavuni mwa mtungi. Hizo zilitengenezwa wakati wazamiaji wengi hawakuwa na geji: springi ilizuia hewa ya mwisho, pumzi ikawa nzito, na mzamiaji akavuta waya kupata akiba ya kupandia juu. Tatizo ni kwamba waya ukinaswa na mwamba au ukivutwa bila mtu kujua, akiba huwa imeshatumika, na anayeisubiri haipati. Ikiwa mtungi mwenyewe ni mzima, ondoeni vali hiyo mweke ya kawaida, na hewa isomwe kwenye geji.

Kusoma hewa kwenyewe kunahitaji hesabu ambayo kila mwenye mtungi wa mitumba anatakiwa aifanye kwa mtungi wake, si kwa ule aliofundishiwa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu hutumia lita 60 akiwa mita 20, kwa kuwa shinikizo huko ni mara tatu. Lita 2,400, ukitoa baa 50 za akiba, hubaki 1,800, nazo ni dakika 30. Mtungi wa lita 10, ambao kwa mbali unafanana na wa 12, utampa dakika 25. Tena mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huanza kuelea, ilhali wa chuma huendelea kuzama, hivyo anayehama kutoka mmoja kwenda mwingine bila kubadilisha risasi ataona shida kusimama mita 5 mwisho wa mbizi, mahali hasa anapotakiwa atulie ili naitrojeni, ile gesi ya hewani inayoingia mwilini mtu akiwa kwenye kina, itoke polepole.

Siwezi kushuka jukwaani bila kuwataja ndugu zetu wanaozamia majongoo bahari. Majongoo yalipopungua kwenye maji mafupi, waliyafuata kwenye kina kirefu kwa mitungi chakavu na kompresa zilizokusudiwa kupaka rangi au kujaza magurudumu, na wapo waliorudi wakiwa wamepooza miguu. Kompresa ya karakana hutoa hewa yenye mafuta, na ile ya injini, ikivuta hewa karibu na bomba lake la moshi, huingiza kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu na ambayo athari yake huzidi kadiri kina kinavyoongezeka. Mlango wa kuvutia hewa uwe upande upepo unakotoka, mbali na moshi, machujio yabadilishwe kwa kuhesabu saa ambazo kompresa imefanya kazi, na mafuta yawe yale yaliyoruhusiwa kwa hewa ya kupumua. Hata hivyo kompresa safi haimwondolei mtu naitrojeni, na hiyo ikitoka kwa haraka huweza kumpooza. Kompyuta kuukuu ya kuzamia, ile inayohesabu kina, muda na naitrojeni ya mzamiaji, inaweza kusaidia, mradi betri ni mpya na kina inachoonyesha kimelinganishwa na kamba yenye alama za mita, na mradi mtu asiazime ya mwenzake katikati ya siku, kwa maana itakuwa inahesabu naitrojeni ya mwili wa mwenzake.

Kifaa kikishapita kwa fundi, mbizi yake ya kwanza iwe ya maji mafupi yaliyotulia, pamoja na mwenzako mwenye vifaa vilivyozoeleka, na isiwe siku ya kazi. Kibonyezwe, kivutwe, kijazwe na kumwagwa, kisha baada ya majuma machache kifanyiwe vivyo hivyo tena, kwa kuwa sehemu mpya hukaa mahali pake kwa kutumika na huhitaji kurekebishwa kidogo.

Na mtungi ulioshindwa kipimo usirudishwe kwa muuzaji ili akupe fedha yako, wala usiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ukiwa mzima, maana utasafishwa, utapakwa rangi, na utauzwa mji wa pili. Utoeni hewa yote, ondoeni vali, kisha mkate shingo yake kwa msumeno au muutoboe kwenye thredi, na ndipo muuze kama chuma.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na nipo tayari kwa maswali.